Mnada wa Pijo ya Baba

Dubai, 6 Machi 2004

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai mguu umepata nafuu na Aiman hajambo. Mimi mzima, ila joto limeanza.

Mama, Pijo ya marehemu baba imepata mtu! Nimeihangaikia kwenye mnada wa intaneti tangu mwaka jana. Aliyeshinda mara ya kwanza akapotea kimya. Wa pili alidai picha zangu zinaficha kutu, akanichafulia jina mbele ya wanunuzi wote. Huyu wa sasa ni Mjerumani, anakusanya magari ya kale. Wakala wake, Thobias, atakuja na lori kutoka Dar. Mwambie mdogo wangu Aiman asiiguse tena, hata rangi.

Mwanao,
Shaban

Majengo, Dodoma, 27 Machi 2004

Mwanangu Shaban,

Marahaba. Mguu unauma, lakini natembea, alhamdulillahi.

Aiman amesoma barua yako, hakula siku nzima. "Gari nililolifufua kwa mikono yangu, kaka anamuuzia mtu asiyewahi kuliona?" Ndilo analobebea mpunga wa Bahi, ndilo linalotulisha. Injini ya baba yenu ilikufa zamani. Ametia ya Toyota. Huyo Mjerumani anajua? Sasa mdogo wako analala humo ndani na panga. Zuia huo mnada, mwanangu. Nawajua nyinyi wawili.

Mama yako

Dubai, 11 Aprili 2004

Mama, shikamoo.

Barua hii anakuja nayo mtu anayesafiri kwa ndege, ikuwahi. Mnada ukishafungwa hakuna kurudi nyuma. Nikikataa, wenye mnada watanifungia akaunti, na tajiri wangu aliyenidhamini kwao atanifukuza kazi. Habari ya injini usiitaje kabisa. Mwambie Aiman mkubwa ni mimi. Lori liko njiani wiki hii.

Mwanao

Majengo, 25 Aprili 2004

Shaban,

Sijui nianze na salamu gani. Aiman yuko hai.

Thobias alikuja Ijumaa baada ya swala, na makuli wawili. Aiman alikuwa kwenye usukani.

"Limeuzwa hili. Shuka."

"Aliyeuza yuko Dubai. Kamchukue yeye."

Wakamburuta kwa shingo, panga likabaki kitini. Akaokota mpini wa jeki, akampiga Thobias taya. Nikasikia mfupa ukivunjika. Makuli wakamwangusha Aiman, wakamkanyaga kichwa na mbavu mpaka damu ikamtoka sikioni. Nilivuta shati la mmoja, akanibamiza ukutani. Ndipo nikapiga ukelele: "Wezi! Wezi wa gari!"

Unaijua Majengo. Soko zima lilikuja. Thobias na kuli mmoja wakawahi lori, wakaondoka. Aliyebaki aliitwa Sila. Wauza nafaka, wauza nyanya, watu ninaosalimiana nao kila asubuhi, walimpiga kwa mawe na vyuma vya mizani mpaka akawa hana uso. Nililia kwamba si mwizi. Hakuna aliyenisikia.

Mama yako

Dubai, 16 Mei 2004

Mama, shikamoo, na pole sana. Mpe pole Aiman.

Thobias amemweleza Mjerumani kila kitu, naye amejitoa. Kama kioo cha mbele hakikuvunjika, naweza kulirudisha gari mnadani. Na polisi wakikuuliza, usiwaambie nani alipiga ukelele. Sema ni umati, basi. Yatapoa.

Mwanao

Majengo, 6 Juni 2004

Shaban,

Mdogo wako hasikii tena kwa sikio la kushoto. Kioo hakikuvunjika.

Nilikwenda Chamwino kwa mjane wa Sila. Nilimkuta anapepeta mtama. Nikamwambia aliyepiga ukelele ni mimi. Akaweka ungo chini.

"Alisema chochote kabla hajafa?"

Nilitaka kusema hapana.

"Alisema, 'Mama, waambie. Mimi kibarua tu.'"

Alinipiga kofi, na jingine, na jingine, mpaka mdomo ukapasuka. Wanawake walipomshika niliwaambia wamwachie.

Kesho nakwenda polisi na maneno hayohayo. Aiman analia, ananishika nguo nisiende. Nitakwenda.

Ukipata ruhusa ya kuja nyumbani, usianzie kwangu. Anzia Chamwino.

Mama yako