Mkao Mbovu Haupimwi

Sijawahi kumwambia mtu, naandika tu hapa kwenye simu: nataka kuchaguliwa kwenye timu ya shule, kurusha tufe. Nataka mpaka naona aibu. Tukienda kijijini Kaengesa kumsaidia bibi kulima, wenzangu wakipumzika mimi najificha nyuma ya banda la nguruwe narusha mawe.

Leo Jumamosi. Baridi na upepo, mtaa wetu wa Katandala wote vumbi, midomo imenipasuka. Lakini kinachonichoma si upepo.

Mwalimu wetu mpya wa michezo katuonyesha kwenye simu mtu anayecheza gofu. Gofu! Mimi hata uwanja wake sijawahi kuuona. Eti tutazame anavyosimama: miguu sawa na mabega, magoti yamelegea kidogo. Na sisi tusimame hivyo kwenye tufe.

Nikajaribu. Likadondoka puu, karibu kabisa.

Zamu ya pili miguu ikajiamulia yenyewe. Kwa bibi tunalima matuta ya mviringo, nyasi tunazifukia ndani zioze. Huwezi kuinua tuta umesimama kama uko gwaride. Mguu mmoja unatangulia, kisigino cha nyuma unakikita, nguvu inapanda kutoka pale mpaka begani. Nikakikita hivyo hivyo mpaka kikachimba kishimo. Tufe likapita alama za wasichana wote.

Mwalimu hakutazama lilipoangukia. Alitazama kishimo.

"Wewe binti, umekuja kurusha au kupanda mahindi?"

Uwanja mzima kicheko. Neema tu, ninayekaa naye dawati moja, ndiye aliyesema, "Mwalimu, si lipimwe kwanza?"

"Mkao mbovu haupimwi."

Haupimwi! Sheria katusomea mwenyewe: usitoke nje ya duara. Sikutoka. Kuhusu kisigino hakusoma kitu. Yule wa gofu anapiga kimpira kwa fimbo, mimi nasukuma chuma kizito kwa bega. Miguu yetu ifanane kwa lipi?

Na mimi nikafanya nini? Nikakifukia kishimo kwa kiatu, nikasema, "Samahani, Mwalimu."

Samahani ya nini?

Insha yangu ya Kiingereza kuhusu kujiamini ilisomwa mbele ya darasa. Leo neno moja tu la Kiswahili, "Pima", limenishinda kulitamka mpaka Neema akanisemea. Hilo linaniuma kuliko kile kicheko.

Jumatatu ndiyo anachagua. Nitakikita kisigino. Halafu nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, lipimwe. Akikataa, akatae kila mtu akisikia.

Nasikia kandambili za mama koridoni. Yeye anajua Jumamosi nabaki shule kujisomea. Siku zote ningeshazima simu, nikajifunika blanketi, nikakoroma kwa uongo.

Amefika mlangoni. Ananiita jina.

Sizimi. Nitampa simu asome haya yote, nione atasema nini.