Mama Mdogo, Kadi Zako Nimezitia Kwenye Kompyuta

Temeke, Jumapili asubuhi

Mama mdogo,

Nimeolewa! Nimeanza na hilo kwa sababu najua usingekuwa na subira ya kusoma mengine kabla yake. Leo ni wiki ya tatu. Hina bado imekoza mikononi, na kila nikiandika mstari nasimama kidogo niitazame. Jina lake Shabani. Ni mrefu, ana mwanya, na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja kama anayeona haya kufurahi. Ningekujazia ukurasa mzima wa Shabani peke yake, lakini huwezi kumfahamu bila kompyuta, na hiyo kompyuta huwezi kuifahamu bila kadi zako. Basi tulia nikueleze.

Mwaka umepita tangu utuache. Ilipokwisha arobaini yako, bosi wetu, Bwana Kisanga, aliniita ofisini pale karakana yetu ya samani, Keko. Siku hizi kampuni mpya zinafunguliwa kila wiki, na zote zinataka meza na viti, lakini kitabu cha simu ni kilekile cha zamani. Unapiga namba ya kiwanda, anapokea fundi cherehani. "Kadi za Hidaya ndizo zinazotulisha," alisema, "lakini nusu ya kadi zile aliondoka nayo kichwani." Ndipo akanunua kompyuta, na Shabani akaja kuifunga na kunifundisha.

Nilizitoa kadi zako kwenye yale makasha ya viatu. Mama mdogo, nililia kabla sijasoma hata moja, maana bado zilikuwa na harufu ya iliki. Kila kadi ilikuwa na jina la kampuni, sanduku la posta, simu, nani anayeamua kununua, na kule nyuma, kwa penseli, tabia yake. Nikakumbuka tulivyokuwa tukitembea Chang'ombe yote, unasimama juani mbele ya bango ambalo rangi haijakauka, unanakili, mie naona aibu. "Mama mdogo, watu wanatuangalia." Ukanijibu, "Waache waangalie, nao tutawauzia." Ukishamaliza na bango, unamgeukia mlinzi wa geti, unampa shikamoo hata kama ni rika lako, anakutajia mpaka jina la mke wa meneja. "Usiniletee jina la kampuni, Tatu. Niletee jina la mtu, na unambie anaamkiwaje."

Shabani alikuwa akisoma, mie napiga taipu. Siku moja akashika kadi akashindwa kusoma kwa kicheko: "Mkali kabla ya chai. Baada ya chai, malaika." Akaniuliza, "Huyu mama yako mdogo alikuwa mtu wa namna gani?" Nikamweleza. Nilieleza mpaka adhuhuri, na hatukuingiza hata kadi moja. Nadhani nilianza kumpenda siku ile, kwa jinsi alivyokuwa akikusikiliza wewe kupitia kwangu.

Zilipoingia zote, ungeona maajabu! Unakumbuka ulivyokuwa ukitandaza kadi mkekani, unatambaa kwa magoti kutafuta shule ambazo hazijanunua madawati? Sasa naandika "shule" na "Temeke", nabonyeza, na kabla sijamaliza andazi majina yamejipanga na simu zake. Mashine ya kuchapa inapiga kelele kama cherehani yenye wazimu, inatoa barua moja moja, kila barua na jina la mtu wake. Mafundi seremala walikuja kuchungulia. "Sista Tatu, hiyo televisheni yenu mbona haionyeshi mpira?" Nikawaambia, "Inaonyesha wateja. Mpira utawalipa mshahara?" Wakacheka mpaka randa zikawaanguka.

Kichwa kikanivimba, mama mdogo. Hapa sasa ndipo nataka unisamehe.

Wewe ukisikia matangazo ya vifo yanaanza redioni, ulikuwa unanyamazisha nyumba nzima, kadi mapajani, penseli mkononi. "Nyamazeni nisikie nani katangulia." Mie niliona ni desturi ya watu wazima tu. Nikajiambia, mashine inajua kila kitu. Matangazo yakianza nahamisha stesheni, natafuta taarabu.

Hivyo sikusikia kwamba Mzee Pazi, yule mwenye nyumba ya wageni Chang'ombe, amefariki. Mashine nayo haikusikia. Ilimwandikia barua nzuri kabisa, ikamtakia afya njema na maisha marefu, ikamkaribisha aje mwenyewe ajaribu vitanda vyetu vipya. Mwanawe mkubwa aliitoa posta, akaifungua barazani mbele ya watu wa msiba akidhani ni rambirambi. Mzee alikuwa na siku nne tangu azikwe.

Alikuja Keko na ile barua. Hakupiga kelele. Aliiweka mezani kwangu, akasema, "Marehemu hana haja ya kitanda," akatoka.

Bwana Kisanga aliisoma ile barua mpaka mwisho. Kisha akasema nyumba ya Pazi ni wateja wetu tangu karakana haina paa, na wakituacha kwa aibu ile, Chang'ombe nzima itatuacha. Alinipa siku mbili za kupatana nao. Nikishindwa, mashine irudi ilikotoka, na fundi wake aende nayo. Shabani alikuwa amesimama mlangoni, alisikia yote. Lakini kilichoniliza zaidi si kazi, wala si Shabani. Jina lile nililipata kwenye kadi yako. Watu wa Pazi walikuwa wakikuheshimu wewe, na mie nikaenda kukuvunjia heshima ukiwa kaburini.

Hakuna mwanamume wa karakana ambaye angeweza kumwona mjane, Bi Mwanahawa, kwa kuwa alikuwa amekaa eda. Nikavaa baibui nikaenda peke yangu. Nilimkuta chumbani, amekaa na wenzake. Nikampa shikamoo, nikampa pole.

"We wa nani?" akaniuliza.

"Mtoto wa Hidaya, wa Keko."

Alinitazama sana. "Hidaya angekuwa hapa tangu siku ya kwanza, anakuna nazi."

Nilivua baibui, nikajifunga kanga, nikatoka uani kwa akina mama waliokuwa wanapika, nikaomba mbuzi. Nilikuna nazi mpaka vidole vikachubuka. Habari za vitanda sikuzitaja kabisa. Alasiri nilipoingia kuaga, Bi Mwanahawa alinishika mkono. "Hiyo mashine yenu ifundisheni adabu," alisema. "Mie nitatoka eda, na nyumba ya wageni itakuwa mikononi mwangu. Kamwambie bosi wako Bi Mwanahawa hajagombana na mtu."

Mashine ikabaki. Na adabu tumeifundisha! Shabani alikaa nayo siku mbili, akaifungulia nafasi mpya kwenye kila jina: msiba, na tarehe ulipotokea. Nikishaandika hapo, jina linajificha. Haliandikiwi barua, haliingii kwenye orodha ya kupigiwa simu. Miezi minne na siku kumi zikitimia, linarudi lenyewe. Kwa ndugu zetu Wakristo tumeweka arobaini. Mama mdogo, kompyuta inahesabu eda! Na mie siku hizi matangazo yakianza ndiye ninayewanyamazisha watu.

Wiki chache baadaye nikawa natafuta wateja wapya wa Mbweni, kule wanakojenga nyumba mpya. Likatoka jina moja tu. Jina: Shabani, fundi wa kompyuta. Anahitaji: mke, yule anayesoma hapa. Namna ya kumwamkia: polepole, ana haya. Jibu lipelekwe kwa: mshenga wake, ambaye yuko tayari tangu jana. Nilipiga ukelele mpaka Bwana Kisanga akadhani nimeshikwa na umeme! Shabani alikuwa amesimama dirishani, kaziba mdomo kwa kiganja. Niliandika "ndiyo" palepale, kisha nikakumbuka kwamba nafasi yako mbele ya wakwe itakuwa tupu, nikalia tena.

Juzi Ijumaa nilipowasha mashine na kuomba orodha ya wiki, jina la kwanza lilikuwa Bi Mwanahawa, mwenye nyumba ya wageni, niliyemwandika mahali pa marehemu mumewe. Sikupiga simu. Nilikwenda mwenyewe, mikono mitupu, kumpongeza kwa kutoka eda salama. Alinikalisha, akanilisha, akanitania kwa hina yangu mpaka nikafunika uso. Kisha akachomoa karatasi chini ya mto: vitanda vya vyumba vyote, vipimo alishavichukua. "Mwambie Kisanga nataka mbao za mninga, asinichanganyie," akasema.

Jambo moja la mwisho. Chini ya kila jina mashine inaonyesha aliyelileta. Kwa Bi Mwanahawa, kama kwa mamia ya wengine, pameandikwa Hidaya. Shabani alipendekeza tubadilishe tuandike Tatu, kwa kuwa sasa wateja ni wangu. Ni jambo pekee nililomkatalia tangu anioe. Pabaki hivyohivyo.

Mola akupe nafasi na nuru huko uliko, mama mdogo. Mie hapa nakuahidi: maadamu niko kwenye kiti hiki, hakuna atakayefiwa Temeke yote hii tukamwuzia kitanda kabla hatujampa pole.

Mwanao,
Tatu, mke wa Shabani