Mafuta ya Alizeti kwenye Mninga

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Bagara hatujambo, bibi yako anavuna mbaazi na anakusalimu sana.

Umeniandikia kwamba huko chuoni mnaitazama mbao kwa hadubini kali mno, na mtu akiigusa kwa mkono mtupu, mafuta ya kidole yanaonekana yametanda juu yake, gundi haishiki. Umeniuliza kama sisi maseremala tulilijua hilo.

Mimi nililijua kwa aibu. Mkoa wetu ulikuwa mpya, ofisi zinataka viti, karakana ya baba imezidiwa. Nilikuwa kidato cha pili, mwoga wa kusema mbele za watu. Niliona mbao za mninga zilizopigwa randa zimepauka, nikazipaka mafuta ya alizeti zing'ae, nikidhani nasaidia. Mzee Gwandu, fundi wetu, akaziunga kwa gundi bila kujua.

Mteja alipokalia kiti, kiungio kiliachia, akaanguka chali.

"Mzee, gundi umeikoroga na maji ya ziwa?" baba alifoka. "Kuanzia leo huna kazi hapa!"

Mimi niliinama, nikaanza kuokota vipande vya kiti.

Mzee Gwandu aliokota mguu wa kiti, akaunusa kwenye kiungio, akanitazama.

"Labda niliikoroga vibaya, Baba Joeli," akasema, akilitaja jina langu taratibu. Kisha akachukua randa yake, akaondoka.

Alijua, mjukuu wangu. Alijua, akaninyamazia, na mimi nikamwacha aende. Hata bibi yako sijawahi kumwambia.

Babu yako,
Joeli