Chombo Changu Kimefungwa Bendeji

Ijumaa, alasiri. Nje kuna vumbi na lile joto la kugandisha nguo mgongoni. Ndani kuna kiyoyozi kinachokohoa. Na mimi nimekasirika tangu jana jioni, sijapoa.

Shajara, nisikilize kabla sijapasuka.

Unavijua vyombo vyangu vya maua. Viko vitatu, juu ya kabati la viatu, kwa sababu katika chumba cha watu wawili hapa ughaibuni, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, hakuna mahali pengine. Ni vya rezini, kitu kama plastiki nzito inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikaganda. Hivi vyangu hubaki laini, ukivibonyeza vinabonyea. Vilibuniwa na Waitaliano waliochoshwa na vitu vilivyonyooka. Walitaka chombo kiwe na matone yaliyoganda njiani, mdomo uliopinda, rangi zinazogombana. Makusudi kabisa.

Wenzangu wakipata nafasi wananunua dhahabu. Mimi navizia wageni wanaohama, wanaouza vitu vyao kabla ya kurudi kwao. Nimechekwa sana kwa hilo, nimezoea.

Ninachokipenda kuliko vyote ni chekundu. Kimeegemea upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea mlangoni. Nilikipata mwaka wangu wa kwanza hapa, kwa mama mmoja Mwitaliano wa West Bay aliyekuwa akifungasha. Siku hiyo nilikuwa nimelia chooni kazini. Mimi ni mpokea wageni hotelini: mgongo wima, nywele zimebanwa, tabasamu saa zote hata ukitukanwa. Nilipokiona kimejiegemeza pale bila aibu yoyote, nikacheka peke yangu mpaka yule mama naye akacheka. Tangu hapo, nikirudi kutoka kazini nakiangalia kwanza, ndipo navua viatu.

Sasa jana.

Nafungua mlango, chombo changu kimesimama wima. Wima kama askari wa gwaride! Kimefungwa bendeji kutoka shingoni hadi chini, na ndani ya bendeji kumechomekwa mpini wa mwiko wetu wa ugali.

Aunty Conso, mwenzangu wa chumba, anatunza mzee mgonjwa wa familia moja huko Lusail, na kwa kufunga bendeji hana mpinzani. Alikuwa ameketi kitandani akinisubiri, uso unang'aa.

"Achi, mamangu, hii kitu yako si iliyeyuka na jua? Nimeionea huruma siku mingi. Leo nikachemsha maji, nikaiweka kwa karai, ikalainika, nikainyoosha. Khalas!"

Na jua! Miaka mitatu nakipangusa vumbi mbele yake, na miaka mitatu alikuwa akinihurumia kimyakimya, eti nimeng'ang'ania kitu kilichoharibika.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini huyu ndiye aliyenikorogea uji na kunikanda miguu nilipolala na homa wiki nzima. Unamgombezaje mtu ambaye kosa lake ni wema? Nikasema, "Asante, Aunty." Kisha nikaingia bafuni nikauma taulo.

Ndiyo, taulo.

Alipotoka kwenda kufua, nikafungua ile bendeji taratibu, nikachomoa mwiko. Chombo hakikutikisika. Kilibaki pale kimenyooka, kama cha kununua dukani na sahani za melamini. Asubuhi bado kimenyooka. Nikaenda ibadani, maana huku kanisa ni Ijumaa, nikisema basi, kimekufa. Kando yangu Aunty Conso aliimba mikono yote miwili juu, na Mungu anisamehe, nilitamani kumfinya.

Tumerudi mchana huu. Nikafungua mlango, nikaangalia juu ya kabati.

Kimeinama.

Upande wake uleule, mdomo wake uleule, kinasikiliza umbea wake kama kawaida. Tulipokuwa tukiimba, rezini ilikuwa ikirudi polepole ilikozoea. Nikakishika kwa mikono miwili. Machozi yakanitoka, sioni haya kuandika hivyo. Nilikuwa nimeshakililia kama maiti.

Nyuma yangu nikasikia mtu akishusha pumzi ndefu. Mkono ukanishika bega.

"Pole, Achi. Imeyeyuka tena. Usilie, mamangu. Wacha nichemshe maji."

Kesho nitamketisha nimweleze yote: Italia, makusudi, na kwa nini nakihitaji kikiwa hivyo. Nitatafuta maneno yasiyomwumiza, maana ataumia akijua. Leo sina nguvu hizo. Nasikia akifungua makabati ya jikoni moja baada ya jingine, akiuliza kwa sauti nani amechukua birika.

Liko hapa, chini ya mto wangu.