Saa Nne Niliyoisema Mimi

Toronto, Jumatatu

Kaka Shabani,

Shikamoo. Mgongo wa mama unaendeleaje? Na presha yako, unakunywa dawa au bado unabishana na daktari? Sisi huku wazima, ila mimi nimechoka, kaka, nimechoka kwelikweli.

Unaijua ile timu niliyoanzisha na wenzangu hapa Parkdale. Nilianza winga, goti likagoma nikawa kocha. Katibu alipohamia Markham hakuna aliyetaka makaratasi, nikawa katibu pia. Kuomba uwanja mimi, kusajili mimi, kufua jezi mimi. Shemeji yako anasema yeye ni mke wa pili, mkubwa ni timu.

Mwezi uliopita wakubwa wa ligi walituonya: tukikosa kutokea uwanjani mara moja tena, tunafutwa. Basi Jumamosi nikawarekodia vijana wetu wa timu ujumbe kwenye simu: "Kesho mechi saa nne kamili. Atakayechelewa asije." Siku zote binti yangu ndiye huwaandikia kwa Kiingereza, lakini alikuwa kazini, nami nikasema kwani Kiswahili kina nini?

Jana asubuhi tukafika wazee watano. Vijana hakuna. Napiga simu, hazipokelewi. Refa akasubiri robo saa, akaandika karatasi yake, wapinzani wakapewa ushindi wa mezani. Nikawatukana wale vijana mbele ya wenzangu, nikasema wamelelewa ovyo, hawajui muda ni nini.

Deo, beki wetu wa zamani, akausikiliza tena ule ujumbe. Akaniambia taratibu, "Katibu, hawa wamezaliwa huku. Ukisema saa nne, wanasikia ile nne ya saa ya ukutani. Kwetu hiyo ni saa kumi jioni."

Vijana walipoamka wakaanza kunipigia. Sikupokea. Niliona aibu, kaka, sikufichi. Wenzangu wakaenda makazini, mimi nikabaki kwenye gari.

Saa kumi kasoro dakika ishirini wakaanza kuingia, mmoja mmoja, wote tisa, jezi mwilini, viatu vimefungwa. Miaka yote nawasema kwa kuchelewa, na jana hakuchelewa hata mmoja. Nikashuka nikawaambia kosa ni langu, mechi imepita, na timu nadhani imekwisha. Mmoja akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Kocha, sasa sisi nacheza na nani?"

Leo mchana barua ya kutufuta imeingia.

Nisalimie shemeji, na shangazi wa Kilosa, na yule fundi baiskeli jirani yenu, mwambie bado namkumbuka kwa vituko vyake. Lakini mama usimwambie kitu. Najua kila Ijumaa huwaambia wenzake kwamba mwanawe anafundisha timu Kanada. Mwache aendelee kuwaambia.

Mdogo wako,
Idi