Siku Kumi Zilizobaki kwa Bi. Ottilie

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa ndani ya gari, nimeegesha mbele ya nyumba niliyoahidi kuinunua na sina uwezo wa kuinunua, naomba unisaidie kabla mwenyewe hajachungulia dirishani akaniita ndani nile pai.

Mimi ni dereva wa lori la mikate hapa Toledo, na mwezi wa nane nilikwenda semina ya hotelini ya kufundishwa biashara ya nyumba bila mtaji, unamtafuta anayetaka kuuza, anakusainia hati ya hiari, yaani haki ya kununua kwa bei mliyoafikiana ndani ya siku tisini ukitaka, halafu haki hiyo unamuuzia mwenye fedha na faida unabaki nayo, basi nikampata Bi. Ottilie Brandt, mjane wa miaka themanini na moja, anayetaka kuhamia kwa binti yake Arizona kabla ya theluji maana mwaka jana aliteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga, nikampa dola kumi, akasaini, nami kama tulivyofundishwa nikaisajili hati kwenye ofisi ya kaunti ili asije akamuuzia mwingine.

Lakini yeye anadhani nitaishi mimi, amenionyesha kwenye mwimo wa mlango wa jikoni alama za penseli za urefu wa wanawe, akasema, "Hizi usizipake rangi, mwanangu, utaongeza za wako," nikajibu, "Sawa, Bi. Ottilie," wala mtoto sina, na juzi muuguzi wa mtaa wa pili alikuja na mkopo wa benki mkononi akiitaka nyumba, Bi. Ottilie akamwambia, "Umechelewa, binti, nimeshampa Clifton neno langu." Leo ni siku ya themanini, wanunuzi kumi na mmoja wameliona paa lilivyochakaa wakaaga, muuguzi anakwenda kuangalia nyumba nyingine Ijumaa, na mwalimu wa semina ananiambia, "Nyamaza tu, kaka, siku zikiisha unaondoka, hiari si deni." Je, ninyamaze?

Clifton

Clifton, kwanza washa gari upate joto, maana mtu mwenye baridi hafikiri vizuri.

Sitakucheka sana. Mimi niliwahi kushika hiari za nyumba tatu kwa mpigo, nikatembea mjini kama tajiri, mpaka mke wangu akaniuliza, "Na hii tunayolala, paa lake linalovuja utalishika lini?" Moja ya hizo ilikuwa ya mzee mjane, fundi saa. Nitamrudia.

Mwalimu wako hajadanganya. Sheria inakuruhusu kuondoka, ila haijakuambia uondoke bila kuaga. Na biashara yenyewe si haramu, wapo wanaoifanya kwa uwazi na wanalala vizuri. Kukosa mnunuzi si kosa. Kosa lako ni ile "sawa" ya pale mlangoni pa jikoni. Ulimwacha bibi wa watu akulindie nyumba kwa uaminifu, naye anamfukuza mnunuzi wa kweli kwa ajili yako.

Basi usingoje siku kumi. Kesho asubuhi andika hati ya kuiachia hiari, isaini mbele ya ofisa mwenye muhuri wa kuthibitisha saini, uipeleke kaunti isajiliwe. Bila hiyo, hata muuguzi akirudi, benki yake italikuta jina lako limekalia nyumba na itakataa. Chukua nakala, nenda kwa Bi. Ottilie. Usimwambie mambo yamebadilika, hayajabadilika. Sema, "Sikuwa na fedha, sikukusudia kuishi hapa, nilitaka kuiuza haki uliyonipa, na sikukwambia." Halafu nyamaza. Akikugombeza, vumilia, themanini na moja si umri wa kujibizana nao. Mwombe ruhusa uende mwenyewe kwa muuguzi kabla ya Ijumaa, umweleze kwamba mlango uko wazi na aliyeufunga ni wewe. Dola kumi sahau. Siku ya kuhama, masanduku beba wewe.

Ukitaka kuendelea na kazi hii, endelea, ila neno la kwanza liwe, "Huenda nyumba yako nikampitishia mtu mwingine." Atakayekataa akishasikia hivyo, mshukuru.

La mwisho. Atakukatia pai hata kabla hujakaa. Usishike uma mpaka umalize kusema. Yule fundi saa alinikatia kipande kikubwa, cha tufaha, na mimi nilikula kwanza.