Mimbari ya Fundi Ramadhani na Mashine Yangu

Jumapili, Arua. Mvua ilitukuta tukitoka kanisani na bado inanyesha. Umeme umepotea, karakana imefungwa, watoto wako kwa jirani. Nimekaa na simu naandika, kwa sababu hili jambo nimelibeba tangu Alhamisi na sijapata wa kumwambia.

Hakuna mtu aliyenigombeza. Labda ndiyo maana linanisumbua hivi.

Ufundi wa mbao nilijifunza Koboko, mji usio mbali na hapa, miaka niliyoishi kwa shangazi yangu. Aliyenifundisha ni Fundi Ramadhani. Wakati ule hapakuwa na msichana anayeshika randa, lakini yeye hakuniuliza maswali mengi. Alinipa msumeno, akanionyesha namna ya kusimama. Kwake kila kitu ni mkono. Anapasua kwa mkono, anaranda kwa mkono, hata keekee yake ya kutobolea anaizungusha kwa mkono. Mashine hataki kuisikia.

Nilipofungua karakana yangu hapa Arua na kununua mashine ya kuranda, hakuja kuiona. Niliambiwa anasema sokoni kwamba Candiru, yaani mimi, si seremala tena, amekuwa mtu wa kusukuma mbao tu. Nilijifanya sijali.

Nilijali sana.

Mimi nina watoto watatu na sina mume wa kusaidiana naye. Shule zikitaka madawati, zinayataka haraka. Mashine ndiyo inayonirudisha nyumbani mapema nikiwa bado na nguvu za kuuliza watoto wameshindaje. Hilo Fundi hakuwahi kuliuliza, na mimi sikuwahi kumweleza. Tukakaa miaka hivyo, kila mmoja na kimya chake.

Halafu mwezi uliopita akanipigia simu. Alitaka niende Koboko, na niende peke yangu.

Nilimkuta kwenye karakana yake na mbao za mvule zimeegemezwa ukutani, hazijaguswa. Msikiti wa pale ulikuwa umempa kazi ya mimbari. Aliweka ubao mmoja mezani, akashika randa, akaisukuma. Ilifika katikati ikakwama. Aliiachia palepale, akatazama pembeni ili nisimwone uso.

"Hii bega yangu iko imekufa," alisema. "Peleka mbao kwa mashine yako, randa yote, rudisha. Lakini mutu asijue."

Nilizipakia kwenye pikapu nikazileta Arua. Na hapa niandike ukweli, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu: nilifurahi. Nilipoingiza ubao wa kwanza kwenye mashine, nilisema moyoni, leo umekuja kwangu. Haikuwa furaha nzuri.

Mashine huacha mawimbi madogo sana juu ya mbao. Zikitazamwa kwa upande, mwanga ukizipiga, fundi anayaona. Nilipozirudisha, yeye alizipitia kidogo kidogo kwa randa nyepesi mpaka mawimbi yakaisha. Baada ya hapo alikata viungo vyote mwenyewe, amekaa kwenye kigoda, patasi karibu na kifua ili bega lisinyanyuke. Maua ya pembeni aliyachonga hivyo hivyo. Sijawahi kuona mtu anafanya kazi nzuri namna ile huku anaumia namna ile. Ile mimbari ni yake. Hilo sina shaka nalo hata sasa.

Alhamisi aliniita tena kwenye karakana yake nimsaidie kuisimamisha na kufunga ngazi zake, kwa sababu hawezi kunyanyua. Tulikuwa tunamalizia kazi hiyo wakati Hajji Musa alipoingia na wazee wawili. Hajji anauza mabati mjini Koboko, na ndiye mkubwa wa kamati ya msikiti. Kwa muda mrefu amekuwa akiwaambia waumini kwamba mimbari yao haitaguswa na mashine, ni mkono mwanzo mpaka mwisho, na kwamba milango ya msikiti itafuata, mkono ule ule.

Alipitisha kiganja juu ya mbao akatabasamu. Kisha akanigeukia, akaniambia nitazame vizuri nikawaambie wenzangu wa Arua, maana vitu vyetu vya mashine havina roho. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anacheka. Mimi maneno hayo nimeyazoea, nikainamisha kichwa nikaendelea kufuta gundi.

Fundi Ramadhani aliweka patasi chini.

"Hajji, hii mbao iko imepita kwa mashine ya huyu binti," alisema. "Mimi siwezi kusukuma randa tena. Viungo ni mimi, maua ni mimi. Mbao ni yeye."

Hajji aliondoa mkono. Akauliza ni tangu lini. Fundi akajibu, tangu mwanzo. Wale wazee wawili walitazamana. Nilitegemea Hajji atapaza sauti, lakini alivuta benchi akakaa.

"Wewe hukudanganya mimi peke yangu," alisema taratibu. "Mimi nimeambia watu wote. Sasa nitasimama mbele yao niseme nini?"

Fundi alianza kukusanya vifaa vyake.

Mimbari waliichukua, kwa sababu ni nzuri na Ijumaa ilikuwa kesho yake. Lakini habari za milango hazikutajwa tena.

Fundi alinisindikiza mpaka kwenye pikapu. Nilimwuliza kwa nini amesema, wakati siri ilikuwa yake na kazi ilikuwa imekwisha. Alishika bega lake.

"Sikutaka akutukane juu ya mbao yako mwenyewe," alisema. Akarudi ndani.

Miaka yote nimetaka aseme mbele ya watu kwamba kazi yangu ni kazi. Amesema. Na njia nzima ya kurudi Arua nilikuwa natamani angenyamaza.

Nimejiuliza sana kosa liko wapi. Haliko kwenye mbao. Mvule ni mvule, na khatibu atakayesimama pale hatahutubia vibaya zaidi kwa sababu ya mashine yangu. Kosa liko kwenye maneno tuliyomwacha Hajji aendelee kuyasema kwa watu, huku sisi tunajua.

Nasema sisi, kwa sababu ya kilichotokea jana.

Jana Hajji alinipigia simu. Anataka milango ya msikiti niitengeneze mimi. Anasema kama ni mashine, basi iwe mashine ya mtu asiyeificha. Angalau wewe, Mama, hukuficha, aliniambia. Nami nikashika simu sikioni, nikasema asante, nitafikiri.

Kumbe mbao zile nilizifunika turubai mimi mwenyewe, kwenda na kurudi, ili mtu asizione.

Nimempigia Fundi tangu jana, hashiki. Leo asubuhi mke wake ndiye aliyepokea. Anasema mzee amekaa uani, hali chakula vizuri, na vifaa vyake amevifungia kwenye sanduku. Nikamwomba ampe simu. Nilisikia akimwita. Nilisikia pia kwamba hakuinuka.

Milango naihitaji. Nisijifanye. Lakini nikiichukua hivi hivi, nitakuwa nimemalizia kumvunja mzee, kazi ambayo bega lake limeianza. Na nikiikataa bila kusema kwa nini, Hajji ataendelea kuniona mtu mkweli, na hilo sasa ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Hajji nitamwambia kwamba na mimi nilificha. Akiwa bado anataka milango, mbao zitapita kwangu, viungo na maua vitapita kwa Fundi Ramadhani, na kila mtu ataambiwa hivyo kabla ubao wa kwanza haujakatwa. Akikataa, akatae akijua.

Lakini kwanza Koboko. Kesho asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe. Sijui kama mzee atakubali kunitazama.